Jongo, Asidi ya Uriki na Shahidi wa Kukopwa

Aghalabu jina la ugonjwa huhifadhi fikira za wale waliolitunga, hata baada ya fikira zenyewe kuachwa. Katika Kiswahili maumivu ya viungo huitwa baridi yabisi, maneno mawili yenye asili ya Kiarabu, na maana yake ni ubaridi na ukavu. Hayo ni miongoni mwa sifa nne ambazo kwazo matabibu wa kale wa Kiyunani, na wale wa Kiarabu waliowafuata, walieleza afya na maradhi ya mwanadamu. Watu wa Ulaya nao walitumia neno la Kilatini gutta, yaani tone, kwa kuwa walidhani kwamba majimaji mabaya hudondoka tone kwa tone katika kiungo na kukiumiza. Na kutokana na tone hilo ndipo yalipopatikana majina ya ugonjwa huo katika Kifaransa na Kiingereza. Kiswahili kina jina jingine la ugonjwa huu wa kuvimba viungo, hasa kidole gumba cha mguu, nalo ni jongo. Jina hili halidai kueleza chanzo cha maradhi. Chanzo hicho kilijulikana baada ya kazi ndefu ya wenye elimu ya kemia, nacho ni asidi ya uriki. Habari za namna asidi hiyo ilivyopimwa, tangu uzi wa kitani hata elektrodi yenye kimeng'enya, ndizo zinazoelezwa hapa.

Kwanza yafaa ifahamike asidi hii ni kitu gani. Mwili huvunja daima vitu viitwavyo purini, vilivyomo katika chembe zake wenyewe na katika vyakula, hasa nyama na samaki wa aina fulani. Na mwisho wa kuvunjwa kwake ni asidi ya uriki, ambayo sehemu yake kubwa hutolewa na figo katika mkojo. Jina purini lenyewe lilitungwa na mwanakemia wa Kijerumani Emil Fischer katika mwaka 1884 kwa kuunganisha maneno ya Kilatini purum na uricum. Katika joto la mwili, damu haiwezi kuyeyusha chumvi ya asidi hii zaidi ya kiasi cha miligramu 7 hivi katika mililita 100. Ikizidi hapo yaweza kuganda ikawa fuwele nyembamba mithili ya sindano, na fuwele hizo zikiingia katika kiungo huamsha maumivu makali ambayo wagonjwa wengi husema kwamba hata uzito wa shuka hauvumiliki.

Lakini hesabu peke yake haitoshi kumhukumu mtu. Wako wengi ambao asidi yao imezidi na hawapatwi na jongo maisha yao yote. Na wako wagonjwa ambao wakati maumivu yamewashika kipimo chao huonekana cha kawaida. Pamoja na hayo, mgonjwa aliyethibitika huweza kupewa dawa ya kunywa miaka mingi, na kipimo ndicho kinachomwonyesha tabibu kama dawa inatosha. Kipimo kikidanganya, mtu mmoja atameza dawa asiyoihitaji, na mwingine ataachwa mpaka viungo vyake viharibike. Kwa hiyo swali la asidi ya uriki tangu mwanzo lilikuwa na sehemu mbili: ni kiasi gani, na je, kilichopimwa ni asidi hiyo kweli au ni kitu kingine kinachofanana nayo?

Asidi yenyewe iligunduliwa katika mwaka 1776 na Carl Wilhelm Scheele, mwuza dawa wa Uswidi, alipochunguza vijiwe vilivyotoka katika kibofu cha mkojo. Katika mwaka 1797 William Hyde Wollaston wa Uingereza alionyesha kwamba vinundu vigumu vinavyoota katika viungo vya wagonjwa wa jongo vina kitu hicho hicho. Hata hivyo haikuthibitika kwamba imo katika damu yao kwa wingi kupita kiasi mpaka mwaka 1848, wakati Alfred Baring Garrod, tabibu wa London, alipoitoa katika damu ya wagonjwa na kuipima.

Njia ya kwanza ya Garrod ilitaka damu nyingi na kazi kubwa, kwa hiyo baadaye alibuni nyingine iliyo rahisi, nayo ikajulikana kwa jina la jaribio la uzi. Maji ya damu, yaani yale yabakiayo baada ya damu kuganda, yalimiminwa katika kisahani cha kioo kilicho bapa, yakatiwa asidi kidogo ya siki. Kisha nyuzi moja au mbili za kitani, zenye urefu wa inchi moja hivi, zililazwa ndani yake, na kisahani kikaachwa kwa siku moja au mbili, mpaka maji yakakaribia kukauka. Ikiwa asidi ya uriki ilikuwa nyingi, fuwele zake zilishikamana na uzi kama sukari inavyoshikamana na kijiti, na tabibu aliziona kwa darubini. Jaribio hili linastahili heshima, kwa sababu lilikuwa miongoni mwa majaribio ya kwanza ya kemia ya damu ambayo tabibu aliweza kuyafanya ili kuutambua ugonjwa. Lakini lilijibu ndiyo au hapana tu. Halikutaja kiasi, na jibu lake lilichelewa.

Haja ya kujua kiasi ilitimizwa mwanzoni mwa karne ya 20 na Otto Folin, mzaliwa wa Uswidi aliyefundisha katika Chuo Kikuu cha Harvard huko Marekani. Yeye pamoja na Willey Denis, mmoja wa wanawake wachache waliokuwa wakifanya utafiti wa kemia ya mwili wakati huo, walitangaza katika mwaka 1912 njia ya kupima kwa rangi. Walitumia dawa yenye madini ya tungsteni, ambayo asidi ya uriki huigeuza kuwa ya buluu. Na kadiri asidi ilivyo nyingi ndivyo buluu inavyokoza. Damu kidogo ilitosha, na jibu lilipatikana siku ile ile. Njia hii, pamoja na zile zilizotokana nayo, ilienea katika hospitali za nchi nyingi na ikatumika kwa miongo mingi.

Kasoro yake ilikuwa moja, nayo ni kubwa. Dawa ile ya tungsteni haiijui asidi ya uriki. Hugeuka buluu kwa sababu imepewa elektroni, wala haiulizi aliyezitoa ni nani. Vitamini C hutoa elektroni. Na katika damu vimo vitu vingine pia vyenye tabia hiyo hiyo. Kwa hiyo buluu iliyoonekana katika chupa haikuwa ushahidi wa kitu kimoja, bali sauti ya watu wengi waliojibu kwa pamoja, na aliyehesabu aliwahesabu wote kwa jina la mmoja. Wanakemia walijitahidi kuwapunguza wasiohitajika kwa dawa na kwa kuchuja, lakini hawakuweza kuwaondoa wote.

Shahidi wa kweli alipatikana katika miili ya wanyama. Ilikuwa imekwisha kujulikana kwamba ini na figo za wanyama wengi zina nguvu ya kuiharibu asidi ya uriki, na kitu kinachoiharibu kilichunguzwa huko Geneva na Federico Battelli na Lina Stern, waliotoa habari zake katika mwaka 1909. Kinaitwa urikesi, nacho ni kimeng'enya. Hapa wachunguzi wa lugha watapendezwa na neno lenyewe. Kimeng'enya limetokana na kitenzi kumeng'enya, ambacho hutumika kwa kuvunja na kusaga chakula tumboni, na kwa hiyo linataja kazi ya kuvunja tu. Lakini vimeng'enya vina sifa ya pili ambayo jina haliitaji, nayo ni kuchagua. Urikesi hukishika kitu kimoja na kuviacha vingine vipite. Huichukua asidi ya uriki pamoja na oksijeni na maji, na mwisho wa kazi hupatikana alantoini, ambayo huyeyuka kwa urahisi zaidi. Na katika kazi hiyo hiyo huzaliwa haidrojeni peroksaidi. Vitamini C haiguswi nayo.

Jambo la ajabu ni kwamba mwanadamu hana urikesi. Wanyama wengi wanyonyeshao wanayo, na kwa sababu hiyo damu yao ina asidi ya uriki kidogo sana. Mwanadamu pamoja na jamii ya sokwe wameipoteza. Uchunguzi uliotangazwa katika mwaka 1989 ulionyesha kwamba maandishi ya kuiunda bado yamo katika urithi wa mwanadamu, ila yameharibika mahali kadha wa kadha hata hayasomeki tena. Hasara hiyo ilitokea mamilioni ya miaka iliyopita, na jongo ni mojawapo ya malipo yake. Basi, ili kupima kitu ambacho mwili wake hauwezi kukivunja, mwanadamu alilazimika kukopa kifaa cha kukivunjia kutoka kwa nguruwe, na baadaye kutoka kwa kuvu na bakteria.

Aliyeutumia mkopo huo kwa ustadi alikuwa Herman Kalckar, mwanasayansi wa Kidenmaki, katika makala yake ya mwaka 1947. Asidi ya uriki hunyonya mwanga fulani usioonekana kwa macho, ambao urefu wa wimbi lake ni nanometa 293 hivi, alantoini haiunyonyi. Kalckar alipima mwanga uliopita katika maji yenye asidi, akatia urikesi, akangoja, kisha akapima tena. Tofauti ya vipimo viwili ilikuwa ni asidi ya uriki peke yake, kwa kuwa vitu vingine vyote vilibaki kama vilivyokuwa na vikajiondoa vyenyewe katika hesabu. Hii ilikuwa hatua kubwa ya fikira. Kabla ya hapo watu walijaribu kuwafukuza wageni wote katika chupa. Kalckar aliwaacha wageni wakae, akamwondoa mmoja aliyemtafuta, akatazama kilichopungua. Lakini mtambo wake wa mwanga ulikuwa ghali, na ulitaka maji maangavu na fundi hodari.

Wakati huo huo, katika kazi isiyohusiana na jongo hata kidogo, msingi wa njia nyingine ulikuwa unawekwa. Leland Clark, mwanasayansi wa Marekani, alikuwa ametengeneza mtambo wa kuitia damu oksijeni kwa mapovu, ili utumike wakati wa kupasua moyo. Alipopeleka habari zake zichapishwe, mhariri alizikataa kwa sababu Clark hakuweza kuonyesha kiasi cha oksijeni kilichokuwamo katika damu iliyotoka mtamboni. Clark hakukata tamaa, bali alilichukua lile swali la mhariri likawa kazi yake. Ilijulikana kwamba waya wa platini ukipewa umeme wa kadiri fulani huila oksijeni iliyo karibu nao, na mkondo wa umeme unaopita hulingana na wingi wa oksijeni hiyo. Lakini waya ulio wazi ukitiwa katika damu hufunikwa na utomvu wa protini mara moja, ukapofuka. Katika mwaka 1954 Clark aliifunika platini pamoja na elektrodi ya pili ya fedha kwa utando mmoja wa plastiki, ambao unaipitisha oksijeni na kuizuia damu yenyewe. Habari za elektrodi hiyo zilichapishwa mwaka 1956, nayo inaitwa kwa jina lake mpaka leo.

Katika mwaka 1962 Clark na mpasuaji Champ Lyons walitoa shauri lililozaa fani nzima. Walisema kwamba kimeng'enya kikiwekwa kati ya tando mbili mbele ya elektrodi ya oksijeni, kitaifanya elektrodi iweze kupima kitu ambacho yenyewe haikitambui. Mfano wao ulikuwa sukari ya damu: kimeng'enya chake huitumia oksijeni, na kwa kadiri oksijeni inavyopungua ndivyo sukari inavyojulikana. Katika mwaka 1967 Updike na Hicks walikifunga kimeng'enya hicho ndani ya ute mgumu juu ya elektrodi, hata kikaweza kutumika tena na tena pasipo kumwagika. Zamu ya asidi ya uriki ilifika mwaka 1974, ambapo Nanjo na Guilbault walieleza elektrodi yenye urikesi iliyofungwa mbele ya elektrodi ya oksijeni, nao wakapima kwayo maji ya damu na mkojo. Fikira ya Kalckar ya kutazama kilichopungua ilikuwa imehama kutoka mwanga kwenda umeme.

Kipimo cha oksijeni kina udhaifu wake. Oksijeni ya damu hubadilika kwa sababu nyingi, na kuhesabu upungufu mdogo katika wingi unaoyumba ni kazi ngumu. Kwa hiyo wengi walipendelea kutazama kinachozaliwa badala ya kinachopungua, yaani haidrojeni peroksaidi, ambayo nayo huweza kutoa mkondo wa umeme juu ya platini. Lakini ili platini iichome peroksaidi, lazima ipewe msukumo wa umeme wa volti 0.6 au 0.7, na kwa msukumo huo huchoma pia vitamini C, na tena huichoma asidi ya uriki yenyewe, bila ya kupitia kwa kimeng'enya. Hasara ya zamani ya Folin ilirudi kwa mlango mwingine. Wala si ajabu kwamba watengenezaji wa vipimo vya sukari waliifahamu asidi ya uriki kwanza kama adui, kwa kuwa ilikuwa ikiingia katika hesabu ya sukari bila ya kualikwa.

Waliopima sukari walipata kinga iliyo nyepesi. Vitamini C na asidi ya uriki, katika damu, zote mbili zina chaji hasi ya umeme, na sukari haina. Basi utando wenye chaji hasi uliwekwa mbele ya elektrodi. Ukawasukuma nje wale wawili, ukaipitisha sukari. Aliyetaka kupima asidi ya uriki hakuweza kuiga hila hiyo kwa wepesi, kwa maana ua linalomzuia mwizi lilimzuia na mgeni aliyengojwa. Ndiyo sababu historia ya vihisio vya asidi ya uriki haikuwa nakala tu ya historia ya vihisio vya sukari, ijapokuwa mara nyingi husimuliwa kana kwamba ni moja.

Njia iliyobaki ilikuwa kuushusha msukumo wa umeme mpaka mahali ambapo vitamini C hainyanyuki. Wengine waliongeza kimeng'enya cha pili, peroksidesi, ambacho huishughulikia peroksaidi kwa msukumo mdogo. Wengine walitumia vitu vya kupokezana elektroni, ambavyo huzichukua kwa kimeng'enya na kuzifikisha kwenye elektrodi. Katika miaka ya 1990 ilionekana pia kwamba buluu ya Prussia, rangi ya wachoraji iliyotengenezwa Berlin mwanzoni mwa karne ya 18, ikipakwa juu ya elektrodi huweza kuipokea peroksaidi karibu na volti sifuri. Rangi hiyo ndiyo iliyotumiwa na wachunguzi wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, waliotangaza katika mwaka 2015 kifaa cha kuvaliwa juu ya meno, chenye urikesi, kinachopima asidi ya uriki katika mate na kupeleka habari bila ya waya. Mgonjwa hatobolewi ngozi, wala hangoji uzi ukauke.

Hata hivyo isidhaniwe kwamba kimeng'enya kimemaliza shauri. Urikesi hufanya kazi vizuri zaidi katika maji yenye ualkali kuliko damu, na nguvu yake hupungua kwa joto na kwa kuwekwa muda mrefu. Kwa sababu hiyo wako waliorudi kuichoma asidi ya uriki moja kwa moja juu ya elektrodi, pasipo kimeng'enya, kwa kutumia kaboni iliyochongwa kwa namna ya pekee ambayo huitenganisha na vitamini C kwa tofauti ya msukumo wa umeme. Kihisio cha jasho kilichoelezwa mwaka 2020 na wachunguzi wa Taasisi ya Teknolojia ya California ni cha namna hiyo. Mabishano baina ya pande mbili hizi ni yale yale ya tangu siku za Folin: kumtambua mtu kwa alama yake ya nje, au kumwita shahidi anayemjua.

Mkopo wa urikesi umetumika pia kwa tiba. Dawa yenye kimeng'enya hicho, iitwayo rasburikesi, iliruhusiwa katika nchi za Ulaya mwaka 2001 na Marekani mwaka 2002, kwa ajili ya wagonjwa wa saratani ambao chembe zao, zikifa kwa wingi, hujaza damu asidi ya uriki. Tiba hiyo imeleta onyo jipya katika upimaji. Damu ya mgonjwa aliyepewa dawa hii ikiachwa katika chupa kwa joto la chumba, kimeng'enya huendelea kuivunja asidi ndani ya chupa, na kipimo husoma chini ya ukweli uliokuwamo mwilini. Kwa hiyo imeamriwa chupa hiyo ipoozwe kabla, iwekwe katika barafu, na ipimwe upesi. Shahidi yule yule aliyeaminiwa, akiachiwa nafasi, huula ushahidi wenyewe.

Mambo haya yana funzo kwa wanaotunga istilahi za Kiswahili. Neno kihisio limetokana na hisi, nalo humfanya msomaji adhani kwamba kifaa huhisi kama ngozi inavyohisi joto. Waya wa platini haujui asidi ya uriki ni nini. Hupokea elektroni tu. Ujuzi wote umo katika kimeng'enya, ambacho jina lake nalo hutaja kuvunja bila ya kutaja kuchagua. Hivyo maneno mawili yaliyo sahihi yanapokutana huificha sehemu ya kazi iliyo muhimu kuliko zote, kama baridi yabisi ilivyoificha asidi kwa kutaja ubaridi na ukavu. Si lazima majina hayo yabadilishwe, kwa kuwa yamekwisha kuzoewa, lakini yafaa kila kamusi ya sayansi iongeze katika maelezo ya kimeng'enya kwamba huvunja au huunganisha kitu maalumu, na katika maelezo ya kihisio cha namna hii itaje sehemu zake mbili, yaani ile inayotambua na ile inayopima. Mwanafunzi atakayesoma maelezo hayo atafahamu kwa nini Garrod alihitaji uzi, Folin akahitaji rangi, na waliowafuata wakaenda kukopa kwa wanyama kitu ambacho mwili wa mwanadamu ulikipoteza zamani.